Nesi wa jeshi hapa Marekani: nisaini sasa au nimalize shahada?

Shikamooni kaka na dada. Nasoma mwaka wa pili wa shahada ya uuguzi, makaratasi yangu ni kadi ya kijani (ukaazi wa kudumu, bado si raia). Ofisa uandikishaji wa jeshi kaniambia nikisaini sasa hivi ada italipwa na nitakuwa nesi wao. Mama hataki kusikia. Mimi moyo unataka. Aliyepita njia hii anisaidie.

---

Marahaba mdogo wangu. Usisaini kwanza. Sare hiyo nimeivaa miaka mingi na naipenda, ndiyo maana sitaki uingie kwa mlango usio wako.

Nesi mwenye shahada na leseni huingia kama ofisa. Kwa jeshi la nchi kavu au la anga, aliyemaliza chuo juzi anaanza na luteni usu. Na kama si raia, huapishwi kuwa ofisa wa jeshi la kudumu. Kwa kadi ya kijani utaandikishwa askari wa kawaida, na kazi yako itakuwa ile iliyomo kwenye mkataba. Angalia namba ya kazi: 68W ni mhudumu wa majeruhi uwanja wa vita, 68C ni nesi msaidizi. Ni kazi za heshima kubwa, ila si kazi unayoisomea. Alichokuahidi kwa mdomo, mwambie akiandike. Akikataa, jibu unalo.

Mama usimdanganye kwamba hutapelekwa popote. Unaweza kupelekwa. Mikataba ya Geneva inawalinda wahudumu wa afya, lakini haizuii kombora. Mwambie na hili: muda mwingi tuko hospitalini, Walter Reed au Landstuhl kule Ujerumani, tunahudumia askari, familia zao na wastaafu. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mzee mstaafu mwenye kidonda cha kisukari kwenye kisigino. Kila zamu nilikisafisha, nikakipima, nikakifunga upya. Hicho hicho unachofundishwa sasa.

---

Nakubaliana na dada, ila kwenye uraia natofautiana naye kidogo. Mwenye kadi ya kijani anaweza kuandikishwa jeshi la akiba, na sheria inampa askari njia ya kuomba uraia bila kulipia ada ya maombi. Kinachoumia ni masomo: mafunzo ya awali wiki 10, na 68W wiki 16 juu yake. Chuo kitakushikia nafasi? Pata jibu kwa maandishi. Na mkataba wa kwanza kwa jumla ni miaka 8, hata kama sehemu yake utakuwa nyumbani ukisubiri kuitwa. Muone wakili wa uhamiaji kabla ya yote.

---

Asanteni sana. Je, kuna ofisa uandikishaji wa fani za afya, tofauti na huyu wangu?

---

Yupo. Mtafute huyo uraia ukikaribia. Sasa kazana na shahada na NCLEX, mtihani wa leseni ya unesi. Waulize na jeshi la maji, maana hata Marines, kikosi cha wanamaji wapiganaji, hawana manesi wao, wanahudumiwa na manesi wa jeshi la maji.