Alama ipi ya derivativu kwenye programu ya hesabu: dy/dx, f′ au D?

Mzizi_wa_Mbili: Wakuu, natengeneza kikokotoo cha vijana wa kidato cha sita kwa Python, ndani yake kuna SymPy, maktaba ya Python ya kukokotoa kwa alama. Jibu likitoka, derivativu (kasi ya fanksheni kubadilika) niiandikeje? Darasani wamezoea dy/dx. Mimi napenda f′, haina makeke.

KigeuX: dy/dx, basi. Aione kama alivyoiona ubaoni. Hiyo f′ itakutesa: kwenye Python alama ile hufungua matini, kwenye MATLAB na Julia hupindua matriksi, safu mlalo ziwe wima.

BiTanjenti: KigeuX, wewe unasema ya kuingiza, mwenzio kauliza ya kuonyesha. Mbona Mathematica, programu ya hesabu, inapokea f'[x] bila shida? Ukitaka kupima alama, chukua f isiyojulikana, iambie programu itafute derivativu ya f(2x):

Mathematica: `2 f'[2 x]`
Maple: `2*D(f)(2*x)`
SymPy: `2*Subs(Derivative(f(_xi_1), _xi_1), _xi_1, 2*x)`

Maxima yenyewe inakuachia diff kama ilivyo. Alama ya Leibniz, yaani dy/dx, ya tangu karne ya 17, inadai utaje kigeu, na hapa tunachotafutia derivativu hakina jina. SymPy ikabidi ikibunie. Ya Lagrange, yaani f′, haimtaji mtu.

Mzizi_wa_Mbili: Kumbe ndiyo hiyo _xi_1! Wiki nzima natafuta kosa kwenye msimbo wangu.

FundiMatriksi: f′ ni tamu mpaka vigeu viwe viwili. Hapo D ndiyo mkombozi, ila chungeni namba. Kwenye Maple, D[1,2](f) ni kwa kigeu cha kwanza na cha pili. Sage huhesabu nafasi kuanzia 0, kwa hiyo maandishi yaleyale yanamaanisha cha pili na cha tatu. Mathematica nayo, Derivative[1,2][f] ni idadi, si nafasi: mara moja kwa cha kwanza, mara mbili kwa cha pili. Niliwahi kuhamisha kazi kutoka Maple bila kulijua hilo. Jibu likatoka na sura nzuri kabisa, na si lenyewe.

KigeuX: Sawa, kwa f(2x) nimesalimu amri. Lakini mtoto wa kidato cha sita anapewa x² sin x. Hiyo f isiyojulikana atakutana nayo wapi?

BiTanjenti: Kwenye kanuni ya mnyororo, siku ileile mwalimu anapoiandika ubaoni.

Mzizi_wa_Mbili: Basi nafanya hivi: fanksheni ikiwa wazi, dy/dx. Subs (SymPy inapoweka 2x mahali pa kigeu ilichobuni) ikijitokeza, naigeuza iwe f′(2x) kabla haijafika kwenye skrini. Vigeu viwili nabaki na ∂ kwa sasa. Ni kurithi LatexPrinter, printa ya SymPy ya kuandika majibu, na kuandika upya _print_Subs, au kuna njia fupi?

FundiMatriksi: Ni hiyohiyo. Ila kagua kwanza kwamba ndani ya Subs kuna Derivative ya kigeu kimoja. Kama sivyo, irudishie printa ya asili ifanye kazi yake.