Naomba ushauri: kutambua na kuthamini pikipiki ndogo ya zamani

Ndugu wajuzi wa pikipiki za zamani, naomba msaada wenu. Marehemu babu ameniachia Honda ndogo ninayoamini ni C100, aina iliyotoka mwaka 1958 ikiwa na injini ya cc 49, kwa kuwa namba ya chasisi inaanza na C100 na valvu zake husukumwa kwa vijiti, tofauti na Honda C50 ya mwaka 1966 yenye kemshafti (mhimili unaofungua valvu) juu. Namba ya injini imeliwa na kutu, inasomeka C100E tu. Na chini ya rangi iliyopakwa kwa brashi nimeona buluu ambayo bado inang'aa. Je, nitathibitishaje kwamba injini ni yake ya asili, na buluu hiyo ikihifadhiwa itaongeza thamani kuliko kupaka rangi upya? Sitafungua hata nati moja kabla ya kupata majibu yenu.