Sanduku la picha za marehemu baba: tutengeneze kitabu kwa njia gani?

Mtoto wa Katuba (Lubumbashi)

Ndugu zangu, nawasalimu. Marehemu baba, aliyefanya kazi Gécamines, kampuni ya madini, hadi alipostaafu, alituachia sanduku la bati lililojaa picha, nakadiria zaidi ya elfu moja. Nyingine ni ndogo, nyeusi na nyeupe, nyingine ni za rangi za miaka ya 1970 na 1980, na kuna albamu za zile kurasa zenye gundi zinazofunikwa kwa plastiki, ambazo picha zake zimeganda kabisa. Hakuna ndugu anayetaka sanduku ligawanywe, wala hakuna anayekubali libaki kwa mmoja, kwa hiyo tumeafikiana kuchapisha kitabu ili kila mtoto apate nakala yake. Naomba mnishauri jinsi ya kuanza, jinsi ya kuchagua, na nifanyeje na picha ambazo hatujui zilipigwa lini. Zipo pia picha nyingi za kilio, yaani za msiba, nazo zinanitatiza.

Karatasi Nzito (Lubumbashi)

Ndugu, kazi yangu ni uchapaji, basi nitasema upande wangu. Picha ya sentimita 9 kwa 13 ukiiskani kwa nukta 600 kwa inchi, utaweza kuichapa kwa upana na urefu maradufu bila kupoteza ukali wake. Ukiipiga kwa simu chini ya taa ya sebuleni utapata mng'ao katikati na kingo zilizopinda, na hakuna mchapaji atakayekuokoa hapo. Tumia kompyuta ya mkononi yenye betri nzima, kwa sababu umeme ukikatika wakati faili linahifadhiwa, faili hilo linaweza kuharibika. Weka nakala mahali pawili angalau, pamojawapo pakiwa nje ya nyumba. Msitumiane kwa WhatsApp kama picha za kawaida, kwani hupunguzwa ubora. Zitumwe kama hati.

Zile zilizoganda, skani kwanza ukurasa mzima kama ulivyo, ili hata picha ikichanika mbeleni uwe na sura yake. Kisha pitisha uzi wa kusafishia meno nyuma ya picha, ukianzia pembeni na kuvuta taratibu huku na huku. Usitumie maji. Ikikataa, iache. Picha iliyoshikana na kioo cha fremu usiibandue kabisa, bali iskani pamoja na kioo chake. Za rangi za miaka ya 1970 mtazikuta nyingi zimegeuka nyekundu. Programu yaweza kuzisawazisha, lakini hifadhi pia faili la awali ambalo halijaguswa.

Kuhusu kuchagua, mimi ni mkali. Kitabu cha kurasa 80 hubeba picha 200 hivi zikapumua. Wateja hunijia wakitaka zote ziingie, nami nawaonyesha jinsi uso wa bibi utakavyokuwa mdogo kuliko ukucha. Zilizobaki hazipotei, kwa kuwa zitakuwa kwenye diski na sandukuni.

Mama wa Kamalondo

Mambo ya mashine nawaachia wenyewe, ila kuhusu miaka nina la kusema. Geuza kila picha kabla hujafanya kitu kingine. Mhuri wa studio ukisema Élisabethville, picha hiyo yaelekea ni ya kabla ya 1966, mwaka mji wetu ulipopewa jina la Lubumbashi, na ndivyo ilivyo pia kwa Jadotville na Likasi, ingawa mwenye studio angeweza kuendelea na mhuri wake wa zamani kwa muda. Ukikuta Zaïre, jina la zamani la nchi yetu ya Kongo, uko kati ya Oktoba 1971 na Mei 1997. Majina nayo hayakai kimya: mwaka 1972 majina ya Kikristo yalikatazwa, kwa hiyo mjomba uliyemjua kama Joseph anaweza kuwa ameandikwa kwa jina jingine kabisa, nanyi mkadhani ni mgeni. Mwanaume aliyevaa abakosti, lile koti lililovaliwa badala ya suti na tai, huenda ni wa kipindi kabla ya Aprili 1990, Rais Mobutu aliporuhusu tai tena.

Hayo yote lakini hayamfikii shangazi aliye hai. Usimwulize mwaka, kwa maana atakujibu kwa kubahatisha ili akufurahishe. Mwulize wakati huo mlikaa nyumba ipi na mtoto yupi alikuwa mgongoni. Tunayo picha ya mama yetu amesimama mlangoni mwa nyumba ya kambi ya wafanyakazi, hana mtoto mgongoni, na nyuma yake kuna pazia la maua. Hakuna aliyejua ni lini, hadi shangazi alipolitambua pazia: mama alilishona alipokuwa akijifunza ushonaji kwenye foyer social, kituo cha mafunzo ya akina mama, akiwa na mimba ya yaya wetu, yaani ndugu yetu mkubwa. Siku ya kuzaliwa ya yaya tunaijua, basi picha ikapata mwaka wake.

Unayoambiwa yaandike siku hiyo hiyo. Nyuma ya picha tumia penseli laini, usitumie wino, kwani wino huhamia kwenye picha iliyo chini yake. Ndani ya kitabu andika kila jina kutoka kushoto kwenda kulia pamoja na udugu wake, kwa sababu maneno kama «familia ya baba, Likasi» hayatamsaidia mjukuu aliyezaliwa Ubelgiji.

Mzaliwa wa Likasi

Picha za kilio msizitupe, lakini msizichanganye na arusi na ubatizo, ambapo mtoto mdogo atafunua ukurasa na kukutana na jeneza. Sisi tulizitengenezea kijitabu chembamba peke yake, kikakaa kwa mkubwa wa familia, na anayetaka kukiona anakiomba.

Jambo jingine nalisema kwa heshima, wala sijui habari za nyumba yenu. Kama mzee alikuwa na watoto kwa mama mwingine, likalieni kikao kabla ya kwenda kwa mchapaji. Kitabu kikishachapwa, asiyeonekana humo atajua kwamba mlikaa mkakubaliana asiwemo.

Mtoto wa Katuba

Nawashukuru sana wote. Ndugu wa Likasi, umegusa penyewe: tunao ndugu wawili Kolwezi kwa mama mwingine, na nimekwisha kumwandikia yaya wetu kwamba picha zao nazo ziletwe ziskaniwe. Shangazi nitamwendea Jumapili baada ya misa. Limebaki swali moja tu kwa Karatasi Nzito: dada yetu aliye Brussels anasema kitabu kichapwe huko, wengine wanataka hapa. Wewe ungeshauri nini?

Karatasi Nzito

Kwa nakala chache hivyo, popote mtakapochapa ombeni uchapaji wa dijitali, kwa sababu ofseti huhitaji kutengenezewa sahani za chuma za kuchapia, na gharama hiyo haina maana kwa vitabu visivyofika hata kumi. Ulaya watawapa jalada gumu kwa urahisi, ila hesabuni usafirishaji, maana vitabu ni vizito. Hapa mtaweza kushika karatasi kwa mkono kabla ya kulipa, na kwangu hilo lina thamani kubwa. Chagueni karatasi ya gramu 150 hadi 170 kwa mita ya mraba, isiyong'aa sana. Swali la kumwuliza mchapaji yeyote ni kama kurasa zitashonwa kwa uzi au zitabandikwa kwa gundi tu, kwani karatasi nzito iliyobandikwa kwa gundi peke yake huanza kuchomoka kitabu kinapofunguliwa mara kwa mara. Acheni sentimita 2 upande wa mshono, la sivyo atakayesimama katikati ya picha pana atamezwa na mkunjo. Kile kijitabu cha kilio, kikifungwa kwa pini katikati, idadi ya kurasa zake lazima igawanyike kwa 4.

Na chapeni nakala moja kwanza. Mpelekeeni shangazi aisome pamoja na maelezo ya picha, akosoe majina kwa penseli, ndipo muagize zilizobaki.