Nakanda unga saa nane usiku na mtoto wa miezi minne ananyonya: nipange vipi nisipoteze maziwa wala wateja?

Mama_Kifunguamimba

Habari za humu. Nawaomba ushauri wanaojua maandazi na wanaojua kunyonyesha, maana kwangu mambo haya mawili yamegongana.

Niko Nakuru, Section 58. Mtoto ana miezi minne na ananyonya tu. Kila siku isipokuwa Jumapili nakanda pakiti nne za unga wa kilo mbili. Naamka saa nane usiku, naukanda na kuusubiri uumuke, nakaanga, na saa kumi na mbili kasorobo natoka na boda kupeleka madukani na kwenye ofisi moja mjini. Baadaye nanunua vitu sokoni na kukusanya vyombo na pesa. Kufika nyumbani ni saa sita mchana. Dada wa kazi anakaa plot hii hii, anakuja alfajiri na kuondoka saa saba mchana.

Maziwa yameanza kupungua. Dada anasema tumwanzishie uji mwepesi au maziwa ya ng'ombe. Friji ninayo, ila ni ndogo, na stima ya huku mnaijua. Swali lingine: naweza kumfunga mtoto mgongoni nikikaanga, ili dada asianze mapema hivyo?

Hesabu zangu, kama kuna wa kuzipitia: pakiti moja hutoa maandazi 60, nauza kwa maduka shilingi 8, wao wanauza 10. Unga ni 180 pakiti. Sukari gramu 300 kwa pakiti, kilo ni 160. Mafuta ya kukandia gramu 100 kwa pakiti, kilo ni 320. Mafuta ya kukaangia lita moja kwa siku, 260. Makaa 150, hamira na iliki 60. Boda 150 kwa siku. Dada namlipa 8,000 kwa mwezi.

Muuguzi_wa_Zamu

La mgongoni kwanza: hapana, hata siku moja. Mafuta ya karai hufika nyuzi 180, mtoto wa miezi minne anarusha mkono bila onyo, na ukiinama kugeuza andazi uso wake unakuja juu ya karai. Moshi wa makaa nao una hewa ya sumu isiyo na harufu. Jiko liwe nje au mahali penye upepo unaopita, na mtoto awe chumba kingine. Mtu akiungua, mwagia sehemu hiyo maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, yai wala mafuta.

Uji na maziwa ya ng'ombe, bado. Mpaka miezi sita ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hayahitaji. Maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma kidogo na chumvichumvi nyingi kwa figo za umri huo, kwa hiyo hayafai kuwa kinywaji chake kikuu kabla ya mwaka mmoja. Uji mwepesi unajaza tumbo bila kulisha, kisha ananyonya kidogo zaidi, kisha maziwa yanazidi kupungua.

Na hapo ndipo penye jibu lako. Ziwa likikaa limejaa saa sita mfululizo, mwili unasoma kwamba maziwa hayo hayana kazi na unapunguza kutengeneza. Tatizo si chakula chako wala uchovu peke yake, ni hilo pengo la alfajiri hadi mchana. Likate katikati: kamua mara moja ukiwa njiani, kama saa tatu asubuhi, hata ukipata kidogo.

Kwa saa sita atahitaji takriban mililita 180, hesabu 30 kwa kila saa. Gawa vikombe vitatu vya 60. Usiweke zote chombo kimoja, kwa sababu kilichoguswa na mdomo wake na kubaki kinatumika ndani ya saa mbili, baada ya hapo unamwaga. Na kumwaga maziwa uliyoyakamua kwa nusu saa kunauma.

Kukamua kwa mkono: nawa kwa sabuni. Kanda ziwa taratibu kwa dakika moja hivi. Weka dole gumba juu na kidole cha shahada chini, sentimita tatu hivi nyuma ya chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, kisha bana, kisha achia. Rudia. Wengi hukosea kwa kuteleza vidole juu ya ngozi au kuvuta chuchu. Hiyo inachubua na haitoi kitu. Dakika ya kwanza hutoka matone, usikate tamaa. Maziwa yakipungua zungusha vidole, upate na pembeni, kisha badili ziwa. Kwa yote mawili tenga dakika 20 hadi 30.

Chombo kiwe cha kioo au plastiki ngumu chenye kifuniko, kilichochemshwa. Friji ni siku nne, nyuma kabisa, si mlangoni. Nje ya friji ni saa nne, ilimradi joto halizidi nyuzi 25. Ya friji usiyachemshe, simamisha chombo ndani ya maji ya moto hadi yawe vuguvugu.

Dada amnyweshe kwa kikombe kidogo, si chupa. Chuchu ya chupa ina mikunjo inayoficha uchafu. Amkalishe wima mapajani, ukingo wa kikombe ukae juu ya mdomo wa chini, akiinamishe mpaka maziwa yaguse mdomo tu, mtoto anywe mwenyewe. Akimmiminia atapaliwa.

Mjukuu_wa_Nyanza

Nyongeza kwa wanaosoma wakiwa Kisumu: hiyo saa nne ya nje ya friji isome vizuri. Nakuru asubuhi kuna ubaridi, sisi huku kufikia saa nne asubuhi chumba chenye paa la mabati kimeshapita nyuzi 25. Tumia kikapu chenye barafu: chupa mbili za soda za nusu lita zilizojaa maji na kugandishwa, chombo cha maziwa katikati, vyote vimezungushiwa taulo nene. Ndani ya kikapu kinachobana baridi vizuri, maziwa yanashika mpaka saa 24 kama barafu bado ipo. Stima ikipotea, friji isipofunguliwa hukaa na baridi kama saa nne. Tatizo ni watu kuifungua kila dakika kuangalia kama imeharibika.

Hesabu_za_Duka

Mama Kifunguamimba, nimezipitia. Kwa siku: unga 720, sukari 192, mafuta ya kukandia 128, ya kukaangia 260, makaa 150, hamira na iliki 60. Jumla 1,510. Unauza 240 kwa shilingi 8, unapata 1,920. Inabaki 410.

Zidisha kwa siku 26: 10,660. Toa dada 8,000, inabaki 2,660. Toa boda 3,900. Uko chini kwa shilingi 1,240 kila mwezi, na hapo hatujagusa saa zako. Huioni hasara kwa sababu pesa ya mauzo inaingia kila siku ila mshahara wa dada unatoka mara moja, kwa hiyo mwisho wa mwezi unaziba kwa pesa ya nyumba.

Usikimbilie kuongeza pakiti ya tano. Nunua mizani ya jikoni. Donge lako kwa pakiti, ukijumlisha unga, sukari, mafuta, chumvi na maji kama lita moja na kidogo, ni karibu kilo 3.47. Ukitoa 60, kila andazi ni gramu 58. Ukikata kwa jicho, moja litakuwa 45 na lingine 70, na mwenye duka hulinganisha na lile kubwa. Kata gramu 50 sawasawa na pakiti nne zitakupa 270 hata ukitoa vipande vya pembeni. Hayo 30 ya ziada ni shilingi 240 kwa siku, 6,240 kwa mwezi, na sasa uko juu kwa 5,000.

Halafu ile ofisi. Kwa nini uwauzie kwa bei ya duka na wao ndio wanaokula? Tuseme wanachukua maandazi 100: kwa shilingi 10 badala ya 8 ni 200 zaidi kwa siku, yaani 5,200 kwa mwezi. Jumla 10,200 mkononi, bila kuamka mapema zaidi.

Pesa ipokelewe kwenye namba ya biashara, Pochi la Biashara au till, isichanganyike na ya nyumbani. Na maduka yalipe siku hiyo hiyo kwa simu. Ule mzunguko wa kukusanya pesa ndio unakurudisha nyumbani saa sita. Vyombo pia: peleka ndoo mbili kwa kila duka, acha iliyojaa na uchukue ya jana.

Kodi ya mauzo ya asilimia 3 inaanzia mauzo ya milioni moja kwa mwaka, wewe uko karibu laki sita. Ila kibali cha biashara cha kaunti na cheti cha afya cha wanaoshika chakula unahitaji, wewe na dada pia akikusaidia kukata. Cheti hicho hufanywa upya kila miezi sita.

Fundi_wa_Karai

Mimi naona saa nane usiku haina haja. Kanda jioni.

Shida ni kwamba unatumia hamira nyingi ili uumuke haraka. Kwa unga wa kulala, kila pakiti tumia hamira ya chengachenga kijiko kimoja na nusu cha chai, kilichosawazishwa kwa kisu, kama gramu nne na nusu. Chumvi gramu 20. Maji ya bomba, yasiwe ya moto. Usikande kwa maziwa wala tui kama unga unalala nje ya friji, utachacha vibaya.

Usijaribu kusukuma kilo 14 za donge ndani ya friji ndogo. Haitatosha, na hata ikitosha, katikati ya donge kubwa hubaki na joto kwa saa nyingi, kwa hiyo nje ni baridi na ndani kumeshachacha. Bora ubaridi wa Nakuru ukufanyie kazi: ndoo nne zenye vifuniko, pakiti moja kila ndoo, isizidi nusu ndoo kwa sababu litapanda mara mbili. Ziweke juu ya sakafu ya simenti, mbali na jiko. Ukimaliza kukanda saa mbili na nusu usiku, saa kumi alfajiri uko tayari. (Mtu wa Kisumu asijaribu hivi bila friji, ataamka akute unga umefungua kifuniko wenyewe.)

Alama zake: bonyeza kwa kidole, shimo lirudi polepole na libaki kidogo. Likirudi haraka halijaiva, lipe nusu saa mahali penye joto. Likizama na kunusa kama pombe limepita, usiku unaofuata punguza hamira hadi kijiko kimoja. Miezi ya joto kama Februari anzia hapo kwa kijiko kimoja.

Kusukuma na kukata anza saa kumi, vipande vipumzike dakika 15. Karai la kuingiza 14 kwa mara moja, dakika nne kila awamu, maandazi 270 ni awamu 20 hivi, saa moja na dakika 20. Dada asukume, wewe ukaange. Tumbukiza ncha ya mwiko mkavu: mapovu madogo yakiuzunguka papo hapo, mafuta yako tayari. Yakiwa baridi andazi linanywa mafuta, na lita yako moja inageuka moja na nusu. Yakiwa moto mno linakuwa kahawia nje na bichi ndani.

Mama_Kifunguamimba

Asanteni sana. Hiyo minus 1,240 imenikalisha chini. Mawili tu: sokoni nikamulie wapi, na kama hedhi haijarudi niko salama au?

Muuguzi_wa_Zamu

Ukifuata hayo ya ndoo na malipo ya simu pengine saa nne utakuwa nyumbani, na kule kukamua njiani saa tatu asubuhi kutabaki kwa siku za soko tu. Ofisi unayouzia waulize chumba. Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri kuwa na mahali pa kunyonyesha, kwa hiyo huenda kipo. Kama hakipo, leso begani, chupa ya maji na sabuni, pembeni ya kibanda cha mtu unayemwamini. Siku huna barafu, kamua hata kama utamwaga. Unalinda maziwa ya kesho.

Hedhi: kunyonyesha hukinga mimba kama mtoto hajafika miezi sita, ananyonya tu, hedhi haijarudi, na pengo halizidi saa nne mchana au saa sita usiku. Wewe mchana umeshapita, na kukamua hakuhesabiki sawa na kunyonyesha. Nenda kliniki wiki hii. Sindano, kipandikizi au vidonge vya homoni moja haviharibu maziwa. Vile vya homoni mbili visubiri miezi sita.

Fundi_wa_Karai

Na unga wa kulala ujaribu Jumamosi usiku, pakiti moja tu. Jumapili huna oda, ukiharibika mtakula nyumbani.