Plagi za mashine ya boti stroki mbili zinalowa oili: niweke namba gani?

Mvuvi, Matema

Habari za jioni wakuu. Nina mashine ya farasi 15, silinda mbili, ya zamani. Nimeirithi kwa marehemu mjomba, naye aliinunua ikiwa imeshatumika. Usiku navua usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, na siku ya soko nabeba vyungu kutoka Ikombe kuja Matema.

Tukiwa kwenye usipa mashine inanguruma polepole saa nzima. Tukitaka kurudi inakohoa, silinda moja inakufa. Plagi ya juu nikiifungua ni nyeusi, imelowa. Nasugua kwa brashi ya waya, inavuta siku mbili, inarudia. Mwezi huu nimebadili sita. Zilizomo ni B7HS, kama kitabu kinavyosema. Fundi mmoja kaniambia niweke B5HS, mwingine kasema B8HS. Oili natumia ya 2T, yaani ya stroki mbili, ya pikipiki, napima kwa kizibo cha chupa.

Wiki iliyopita ilizima kusi likivuma. Tulipiga kasia mpaka alfajiri na wapwa zangu wawili walikuwemo. Dada yangu hanisemeshi hadi leo. Nisaidieni.

Fundi, Kyela

Pole sana mdogo wangu. Dada yako ana haki, mpe muda.

Acha B7HS zako humo humo. Kwenye plagi za NGK, kampuni iliyotengeneza hizo zako, namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, ikishuka ni ya moto zaidi, na wengi wanalishika hili kinyume. Ubaridi huo hauhusu ukali wa cheche. Ni jinsi ncha inavyopeleka joto haraka kwenye kichwa cha silinda. Ncha ikikaa chini ya nyuzi 450 hivi masizi hayaungui, yanajikusanya. Ikipita kama 870 inawasha mafuta kabla ya wakati wake.

Kwa hiyo B8 itakuongezea masizi. B5 itakaa safi kwenye usipa, lakini siku umejaza vyungu na umefungua mafuta yote kutoka Ikombe, ndipo pistoni inapotoboka. Nimeshika mkononi pistoni yenye tundu linalopitisha kidole, na mwenye boti alikuwa anaisifia plagi yake kwa usafi.

Herufi nazo uzisome. H ni uzi wenye urefu wa milimita 12.7. Ukiuziwa yenye E, uzi ni milimita 19, inaingia ndani mno na pistoni inaweza kuigonga. Mwisho pakiandikwa -10, nafasi ya cheche ni milimita 1.0.

Sasa oili, na hapa naomba unisikilize kuliko kote. Mashine yako inapozwa na maji ya ziwa, silinda zake haziwi na joto kama la pikipiki inayopozwa na upepo. Inataka oili iliyoandikwa TC-W3, yaani ya mashine za boti zinazopozwa na maji, isiyoacha majivu. Na kizibo tupa. Kama kitabu kinasema 50 kwa 1, lita 20 za petroli zinachukua mililita 400 za oili. Nunua chupa yenye mistari.

Brashi ya waya iache, inapaka chuma kwenye kauri na moto unapotelea humo. Plagi mpya ifunge kwa mkono mpaka ikae, kisha spana nusu mzunguko.

Swali langu: kwa nini ya juu tu? Badilishana, ya juu iende chini. Weusi ukibaki juu, kagua kofia ya plagi na waya wake, halafu pima mgandamizo wa silinda zote mbili.

Mwenye boti, Mtera

Naongeza moja, mkuu wa Kyela kagusia joto. Angalia kama themostati ipo, ile valvu inayozuia maji ya kupoza mpaka mashine ipate joto. Yangu niliikuta imeng'olewa na mtu aliyenitangulia, mashine ilikuwa haipati joto kabisa, plagi nyeusi kila wiki. Na ukiwa kwenye usipa, kila nusu saa toka pembeni ufungue mafuta dakika mbili, masizi yaungue. Impela nayo, pangaboi la pampu ya maji ya kupoza, usiisahau. Mito ikijaa masika maji yanakuja na mchanga, na mchanga unaila upesi.

Mvuvi, Matema

Narudi na majibu. Nilibadilishana plagi, weusi ukabaki juu. Kofia ya juu ndani ilikuwa kutu tupu, nimekata waya kidogo nikaweka kofia mpya. Themostati haikuwepo! Nyumba yake tupu. Nimeipata Mbeya mjini pamoja na oili ya TC-W3, bei imeniuma, lakini nikihesabu plagi sita za mwezi uliopita naona nilikuwa natupa hela majini.

Mgandamizo wa chini na wa juu umekaribiana sana. Nimetembea usiku tisa kwa B7HS zile zile. Jana nimezifungua zote mbili, rangi ya kahawia kama udongo wa vyungu, kavu.

Ndaga fijo, asanteni sana kwa Kinyakyusa, kaka zangu. Wapwa wameruhusiwa kurudi ziwani, ila dada kaweka sharti: makasia manne na maboya ya kuvaa kila mtu. Nimenunua.