Kitanzi kibaki kwenye sheria zetu?

Juzi usiku barazani kwetu Majengo, mzee mmoja alitua kikombe cha kahawa akasema: "Mwanangu alichomwa kisu kwa ajili ya simu. Aliyemuua anakula ugali wa serikali gerezani Shimo la Tewa. Kwa nini asinyongwe?" Tulinyamaza sote. Mfiwa hajibiwi papo kwa papo. Ila maneno yale yameninyima usingizi, na leo nasema: mzee wangu, haki yako ni kudai muuaji asitoke, lakini kitanzi nakikataa.

Nakikataa kwa sababu ya kurunzi. Niliwahi kukaa kortini kusikiliza kesi ya wizi wa mabavu, ambao adhabu yake ni kifo. Shahidi alisema alimtambua mshtakiwa kwa mwanga wa kurunzi, na kurunzi yenyewe walikuwa nayo majambazi, wakimmulika yeye. Hakuwa mwongo yule mama. Mikono ilikuwa bado inamtetemeka. Kijana kizimbani hakuwa na wakili. Aliuliza maswali mawili, akaishiwa, akaketi.

Jirani zetu Uganda walimhukumu Edmary Mpagi kifo mwaka 1982 kwa mauaji ya mtu ambaye baadaye ilibainika yu hai. Mpagi aliachiliwa mwaka 2000. Lau wangewahi kumnyonga, wangeomba radhi kaburini?

Mtasema Kenya haijanyonga mtu tangu 1987. Kweli, lakini hukumu za kifo bado zinasomwa, na maraisi wamekuwa wakizigeuza kuwa kifungo cha maisha kwa mkupuo. Kibaki peke yake aligeuza zaidi ya 4,000 mwaka 2009. Na hapahapa Mombasa, Julai 2010, Mahakama ya Rufaa iliamua katika kesi ya Mutiso kwamba jaji asilazimishwe kumhukumu kifo kila anayepatikana na hatia ya mauaji. Mahakama ya Juu ikasema vivyo hivyo mwaka 2017, kesi ya Muruatetu. Lakini mwaka 2021 ikafafanua kuwa uamuzi wake unahusu mauaji tu. Wizi wa mabavu, ambako ndiko nilikoiona kurunzi ile, ukaachwa nje. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mnaounga mkono kitanzi, karibuni, na msinijibu kwa kesi zilizo wazi. Nijibuni kwa ile ya kurunzi: mngekuwa nyinyi mahakimu, mngemwandikia nini yule kijana?