Wakuu, naomba ushauri: kupaka rangi hadithi ya picha kwenye kompyuta

Kijana wa Kalenga
Habari za jioni wakuu. Niko Iringa mjini, nachora hadithi ya vita vya Lugalo, Agosti 1891, Mkwawa alipolivamia jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Zelewski. Nachora kwa wino kwenye karatasi, naskani, kisha napaka rangi kwenye Krita, programu ya kuchorea. Nikimwaga rangi kwa ndoo, ile zana ya kujaza eneo zima, kandokando ya mistari kunabaki weupe mwembamba. Nikiprinti, anga la bluu linapauka na vivuli vinakuwa tope. Nataka watoto wa shule wakisome kitabu hiki, kwa hiyo sitaki kulipua. Nifanyeje?

Uyole_Wino
Mkuu, ukingo wa mstari uliopigwa skani si mweusi wote, una kijivu. Ndoo ikifika kwenye kijivu inasimama, ndiyo huo weupe. Leya (tabaka la picha) ya mistari iweke juu kabisa kwa modi ya Multiply, ili weupe wake upotee na rangi za chini zionekane, uifunge usiiguse tena. Rangi zikae leya ya chini. Kwenye mipangilio ya ndoo, ongeza eneo la kujaza kwa pikseli 2 au 3 ili rangi iingie chini ya wino. Anza na rangi bapa tupu: ngozi, nguo, ngao, nyasi. Vivuli vipe leya yake. Ukitaka kubadili nguo baadaye, unaigusa nguo tu.

Fundi Mwanjelwa
Nachapa vitabu hapa Mbeya. Skrini inatoa mwanga, mashine inatumia wino wa aina nne, CMYK: samawati, majenta, njano na nyeusi. Bluu kali ya skrini huo wino hauifikii, hata ubembeleze vipi. Waombe wachapaji profaili yao mapema, yaani faili linaloonyesha rangi zitakavyotoka kwenye mashine yao, uangalie kazi yako kwa profaili hiyo ukiwa bado unapaka. Tope linatokana na kurundika wino zote nne. Kila wino mwisho wake ni asilimia 100; jumla ya zote nne ikipita asilimia 300 karatasi inalowa, na karatasi ya bei rahisi inachoka kabla ya hapo. Maandishi yawe nyeusi peke yake, asilimia 100, maana sahani za kuchapia, moja kwa kila wino, zikihama kidogo tu herufi zinatoka na ukungu wa rangi. Mistari skani kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa inchi.

Mama Gangilonga
Kamwene mwanangu. Hiyo bluu ya nini? Agosti kwetu ni kiangazi. Nyasi zimekauka rangi ya kaki, udongo mwekundu, na anga lina vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa. Toka nje asubuhi uangalie upande wa mbali: vilima vya karibu vina kahawia, vya nyuma vinaelekea zambarau iliyofifia. Vivuli vyako vitoe humo, achana na nyeusi.

Kijana wa Kalenga
Asante sana mama, shikamoo. Sasa moshi wa bunduki, niuwekee mistari ya wino?

Uyole_Wino
Hapana. Upake kwa rangi tupu kwenye leya yake, hiyo peke yake ikae juu ya leya ya mistari, ufunike wapiganaji wa nyuma. Wa mbele waache na wino mzito.

Fundi Mwanjelwa
Na ukurasa huo wa moshi ndio uuprinti kwanza, kwenye karatasi ileile ya kitabu.